Nikimaliza nimpe nani?

Desemba 2011 nilimpelekea baba kifaa cha kusomea vitabu. Kilitoka Columbus, Ohio, kwenye begi la ndugu mmoja aliyekuwa anakwenda Tanga likizo, nimekiviringisha kwenye soksi mbili za sufu ili kioo kisije kikapasuka njiani. Kilikuwa Nook Simple Touch, kilichoingia sokoni Juni mwaka huo kwa dola 139, uzito wake gramu 212. Baba ni mwalimu mstaafu. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na kwenye kifaa kile unakuza herufi upendavyo. Nilimjazia kadi ndogo ya kumbukumbu vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki, zikiwemo tenzi za zamani, pamoja na makala ndefu nilizokuwa nikimkusanyia.

Wiki mbili baadaye nikampigia. Shikamoo, marahaba, baridi ya huko inasemaje. Akakisifia kifaa: anasoma barazani mchana kweupe na maandishi hayapotei juani, chaji anaweka akikumbuka tu. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mwanangu, nikimaliza kitabu, nimpe nani?"

Anayemjua baba anajua swali hilo lilikotoka. Vitabu vyake vyote vina orodha ya majina ndani ya jalada, mengine kwa kalamu, mengine kwa penseli: nani kaazima, tarehe ngapi. Baadhi ya waliomo kwenye orodha hizo wameshatangulia mbele ya haki. Kitabu kikikaa kwenye rafu yetu miaka miwili bila kutoka nje, mama alikuwa akisema kimedoda.

Nilimjibu kwamba anayekitaka itabidi apewe na kifaa chenyewe. Tukacheka, mazungumzo yakaenda kwingine. Lakini swali halikuniondoka. Tangu hapo nimefuatilia habari za Barnes & Noble, wauza vitabu wa Marekani, na Nook yao mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi nikifika mahali napodhani nimeelewa wapi mambo yaliharibika, nakuta swali la baba limeshanitangulia.

Nianze na duka, kwa sababu nalipenda, na mtu asiyejua kwa nini watu walilipenda hataelewa kilichowekwa rehani.

Nilifika Columbus Januari 2008, theluji inafunika vifundo vya miguu, sina gari wala rafiki. Basi la mji lilikuwa linanishusha karibu na Barnes & Noble moja. Kule nilikokulia, vitabu dukani vilikuwa nyuma ya kaunta. Unaonyesha kwa kidole, muuzaji anakushushia, ukifungua kurasa za tatu na nne anakuuliza kama unanunua au vipi. Hapa nilikuta viti. Viti vya kukalia, duka zima, na watu wamekaa na vitabu ambavyo hawajalipia, wanasoma, kikombe cha kahawa pembeni. Siku ya kwanza nilikaa saa tatu nikingoja mtu aje kuniondoa. Aliyekuja alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa pale, akatazama nilichoshika, akaniambia mwandishi huyo ana kingine kizuri zaidi, akaenda kuniletea. Kile cha pili nilikinunua. Nadhani ndicho kitu cha kwanza nilichonunua Marekani kisichokuwa chakula wala nguo.

Mtindo huo wa viti na kahawa ulikuwa wa makusudi. Leonard Riggio alianza akiwa mwanafunzi anayefanya kazi kwenye duka la vitabu la chuo kikuu huko New York, mwaka 1965 akafungua la kwake, na 1971 akanunua jina la Barnes & Noble pamoja na duka lake kuukuu la Fifth Avenue. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akipunguza bei ya vitabu vinavyotamba kwa asilimia 40, jambo lililowaudhi wenzake wote. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa akifungua maduka makubwa kama maghala, na maduka madogo ya mitaani yalikuwa yakifa moja baada ya jingine. Wapenzi wa vitabu wa enzi hiyo walimwona kama jitu lililokuja kumeza kila kitu. Nalisema hili kwa sababu watu wanaposimulia kisa cha Nook hupenda kuifanya Barnes & Noble kuwa mnyonge tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Ilijua kula wenzake vizuri sana.

Wala haikuchelewa kuona kilichokuwa kinakuja. Mwaka 1998 iliwekeza kwenye kampuni ya NuvoMedia, waliotengeneza Rocket eBook, kifaa cha kusomea kilichotangulia Kindle ya Amazon kwa karibu miaka tisa. Wakaanza kuuza vitabu pepe kwenye tovuti yao. Wanunuzi hawakuwa wengi, vioo vya wakati ule vilichosha macho, na mwaka 2003 wakafunga biashara hiyo. Nikiambiwa nitaje kosa moja tu, nitataja mwaka huo. Kufunga hakukuwa kosa, hesabu zilikuwa zinasema wafunge. Kosa ni kwamba hawakubakiza hata watu wachache wa kuendelea kutazama.

Novemba 2007 Amazon ikatoa Kindle kwa dola 399, shehena yote ikaisha kwa saa tano na nusu. Kilichokuwa kimebadilika ni kioo. Wino wa kielektroniki, ule uliozaliwa kwenye maabara za chuo cha MIT huko Marekani, una vidonge vidogo vyenye unene kama wa unywele, na ndani ya kila kidonge mna chembe nyeupe na nyeusi zinazoelea kwenye kimiminika. Umeme ukipita, chembe za rangi moja zinapanda juu na nyingine zinazama. Zikishapanda zinabaki pale pale hata umeme ukikatika, ndiyo maana ukurasa uliotulia hauli chaji. Na kwa kuwa kioo hakitoi mwanga wake bali kinarudisha mwanga wa jua kama karatasi inavyofanya, baba aliweza kusoma barazani saa saba mchana. Mimi bado nauona kuwa mmoja wa uvumbuzi wa heshima zaidi wa wakati wetu. Haupigi kelele wala haukuiti.

Barnes & Noble ilizinduka 2009. Machi ikanunua Fictionwise, wauzaji wa vitabu pepe, kwa dola milioni 15.7. Julai ikafungua tena duka la vitabu pepe. Oktoba 20 ikatangaza Nook, dola 259: juu kioo cha wino cha inchi sita, chini kiutepe cha rangi cha kugusa kwa kidole. Maagizo ya Krismasi yaliwazidi nguvu, wateja wengi wakaambiwa wasubiri hadi Januari. Lakini watu walisubiri.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndani ya Nook ile ya kwanza mlikuwa na mawazo mawili ambayo asiyeuza vitabu asingeyafikiria. La kwanza: ukiingia na Nook yako kwenye duka lao lolote, na walikuwa nayo takriban 700, unaweza kusoma kitabu pepe bure kwa saa moja kwa siku. Ni vile viti vile vile, vimehamia ndani ya kifaa. La pili: unaweza kumwazima mwenzako kitabu. Mwenzio anakipata kwa siku 14, na siku hizo wewe huwezi kukifungua, kama ambavyo kitabu kikiwa kwa jirani hakiko kwako.

Niliposoma habari ya kuazimana nilimfikiria baba papo hapo. Kisha nikasoma masharti. Kitabu kimoja kinaazimwa mara moja tu katika uhai wake wote, na hapo pia lazima mchapishaji awe ameruhusu, na wachapishaji wakubwa wengi hawakuruhusu. Yaani orodha ndani ya jalada ingekuwa na jina moja. Aliyefikiria jambo hili alikuwa mtu wa vitabu, sina shaka. Waliolipunguza mpaka likabaki hivyo walikuwa wanaogopa wasomaji wao, na mpaka leo naona waliogopa watu wasiostahili kuogopwa.

Kulikuwa na ukuta mwingine. Wakati huo duka la Nook halikuwauzia watu walio nje ya Marekani. Mtu wa Tanga, Mombasa au Bujumbura asingeweza kununua hata kitabu kimoja kihalali, wakati Kindle ilishaanza kuuzwa katika nchi zaidi ya 100 tangu mwishoni mwa 2009. Kilichoifanya Nook ya baba kuwa na maana Tanga ni tundu dogo la kadi pembeni, na kwamba ilisoma mafaili ya ePub, umbo lililo wazi kwa kila mtu. Kila Desemba nilimtumia kadi mpya. Tuliendelea hivyo miaka minne.

Kwa muda, mambo yaliwanyookea. Juni 2010 walishusha bei ya Nook hadi dola 199, na siku hiyo hiyo Amazon ikaishusha Kindle kutoka 259 hadi 189. Aprili ya mwaka huo iPad, kishikwambi cha Apple, ilikuwa imeingia, na wachapishaji wakubwa wakapata mwanya wa kupanga bei ya vitabu pepe wenyewe, muuzaji akibaki na asilimia 30. Hilo liliwasaidia sana Barnes & Noble, kwani kabla ya hapo Amazon ilikuwa inauza vitabu vinavyotamba kwa dola 9.99 huku ikivinunua kwa bei ya juu kuliko hiyo. Kushindana na anayeuza kwa hasara kwa hiari yake ni kazi ngumu mno. Bei zilipolingana, watu wakachagua kwa sababu nyingine, na sehemu ya Barnes & Noble katika soko la vitabu pepe la Marekani ikafika karibu robo. Robo nzima, ndani ya miaka miwili, kutoka sifuri. Anayesema Nook ilikuwa takataka tangu siku ya kwanza hakuwepo.

Kisha wakafanya kitu ambacho bado kinaniuma. Kifaa cha wasomaji wakakisukuma pembeni, nguvu zao wakazihamishia kwenye vishikwambi.

Nook Color ilitoka Novemba 2010 kwa dola 249, kioo cha rangi, ikauzika vizuri, na mafanikio hayo ndiyo yaliyowapoteza. Mwaka uliofuata wakaja na Nook Tablet kwa dola 249, wiki ile ile ambayo Amazon ilitoa Kindle Fire kwa dola 199. Mwaka 2012 Google nayo ikaleta kishikwambi cha dola 199. Hebu wapange waliokuwa ulingoni: Apple, mwenye faida nono kwenye kila kifaa. Google, anayekula kwenye matangazo. Amazon, anayeweza kuuza kifaa bila faida kwa kuwa atakuuzia sabuni kesho. Na wa nne ni muuza vitabu mwenye maduka takriban 700 ya kulipia kodi ya pango kila mwezi. Kishikwambi ni kitu cha sinema, michezo na barua pepe, na kati ya hivyo vyote muuza vitabu hana hata kimoja cha kuuza kwa faida. Kifaa alichokuwa na haki ya kukitengeneza kuliko mtu yeyote ni kile cha kusomea tu, cha gramu 212.

Fedha zilitoka wapi? Februari 2011 walisimamisha gawio kwa wenye hisa ili Nook ipate lishe. Agosti mwaka huo Liberty Media ikaweka dola milioni 204. Aprili 2012 Microsoft ikatangaza kuweka milioni 300 kwa asilimia 17.6 ya tawi la Nook, hesabu iliyolipatia tawi hilo thamani ya dola bilioni 1.7, zaidi ya thamani ya kampuni nzima sokoni siku chache kabla. Mwisho wa mwaka Pearson wakaongeza milioni 89.5. Na dukani mambo yalibadilika mbele ya macho yangu. Mlangoni, pale palipokuwa na meza za riwaya mpya, pakawekwa kaunta nyeupe za Nook, vijana wenye fulana wanakuuliza kama ungependa kuonyeshwa. Viti vilipungua. Yule mama aliyeniletea kitabu cha pili nilimkuta siku moja amesimama kwenye kaunta ile, anamweleza mzee mmoja jinsi ya kuunganisha waifai. Alikuwa mpole vile vile. Lakini nilisimama pale nikamtazama, nikajiuliza ni nani sasa anayewaambia watu kwamba mwandishi huyu ana kingine kizuri zaidi.

Mwaka wa fedha ulioishia Aprili 2012, Nook iliingiza dola milioni 933. Uliofuata, milioni 776, na hasara yake kabla ya riba, kodi na uchakavu ilikuwa milioni 475. Mauzo yalikuwa yameporomoka kwenye Krismasi ya 2012, maghala yakabaki na vishikwambi visivyo na wanunuzi. Aprili 2012 hiyo hiyo Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imewashtaki Apple na wachapishaji watano kwa kula njama za bei, na ule usawa wa bei uliowabeba Barnes & Noble ukaanza kubomoka. Juni 2013 wakatangaza kuacha kujitengenezea vishikwambi. Julai, William Lynch, mkurugenzi mtendaji aliyeiongoza safari yote ile, akajiuzulu. Desemba 2014 Microsoft ikatoka, hisa zake zikanunuliwa kwa takriban milioni 125. Kufikia 2016 mapato ya Nook yalikuwa milioni 191, mwaka uliofuata 146.

Kuna jambo la mwaka 2016 ambalo wasomaji wangu wa Muscat watalipenda. Barnes & Noble ilipofunga ofisi yake ya Santa Clara, California, kazi ya kuendesha mitambo ya Nook ilikabidhiwa Bahwan CyberTek, kampuni yenye asili ya Oman. Muuza vitabu wa New York, vitabu vya wateja wake vikilindwa na watu wa upande wetu wa bahari.

Lakini hadithi ya mwaka huo inayonikaa kooni ni ya Uingereza. Nook ilikuwa imeingia huko Oktoba 2012. Machi 15, 2016 duka likafungwa, na wateja wakaambiwa wahamishie vitabu vyao kwenye huduma ya Sainsbury's, ile kampuni ya maduka ya vyakula. Kabla mwaka haujaisha Sainsbury's nao wakaacha kuuza vitabu pepe, wateja wakahamishwa tena, safari hii kwa Kobo. Mtu amenunua riwaya mwaka 2013, hajatoka kwenye kiti chake, na kitabu kimebadilisha mlinzi mara mbili. Microsoft nao walifungua duka lao la vitabu pepe 2017, wakalifunga 2019, vitabu vikafutika kwenye vifaa vya waliovinunua na fedha zao zikarudishwa. Fedha zilirudi, nawapa haki yao. Ila kitabu ambacho anayekuuzia anaweza kukirudisha kwake usiku umelala, sijui tukiite kwa neno gani. Hicho ndicho baba alichokuwa anakigusa bila kujua lolote kuhusu seva na mikataba. Ukiuliza "nimpe nani" umeshajiona mwenye mali. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho umeruhusiwa tu kukitazama.

Mwenzao Borders alikufa kabisa. Alikuwa ameiachia Amazon tovuti yake tangu 2001, na Julai 2011 yakaanza kufungwa maduka yake 399 yaliyosalia, wafanyakazi karibu 10,700 wakaondoka. Miaka minane baadaye wengi tulidhani zamu ya Barnes & Noble imefika. Agosti 2019 ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Elliott Management kwa dola milioni 683, madeni yakiwa ndani ya hesabu hiyo, na akaletwa James Daunt kutoka Waterstones ya Uingereza. Daunt ni muuza vitabu aliyeanza na duka lake mwenyewe London mwaka 1990. Huko Waterstones aliwahi kuuza Kindle madukani, kisha 2015 akaziondoa kwa kuwa hazikuwa zikinunuliwa, mahali pake akaweka vitabu.

Alichofanya Marekani si cha ajabu. Aliacha kupokea malipo ya wachapishaji waliokuwa wakinunua nafasi kwenye meza za mbele, akawaambia wasimamizi wa kila duka wachague wenyewe wauze nini. Janga la 2020 lilipofunga milango, maduka yakatumia nafasi hiyo kupanga rafu upya. Mwaka 2024 walifungua maduka mapya zaidi ya 50. Nook haijafa. GlowLight 4 ilitoka Desemba 2021, inasomeka vizuri, ina vitufe vya kugeuza kurasa ubavuni kama ile ya baba, na inauzwa kwenye pembe ndogo bila kelele. Imerudi kuwa kifaa cha kusomea. Laiti wangeiacha hivyo tangu 2010.

Nilipita kwenye duka lile msimu wa baridi uliopita. Kwenye rafu za riwaya kulikuwa na vikadi vimeandikwa kwa mkono na wafanyakazi, kila mmoja akisema kwa nini amependa kitabu fulani. Sikumwona yule mama. Nilimuuliza kijana aliyekuwa kaunta, akasema ameshastaafu. Nikachukua kitabu kilichokuwa na kadi yenye maneno mengi kuliko vyote, nikakinunua, nikampelekea baba.

Amekimaliza kwa siku tisa, kwa miwani mipya. Nook iko kabatini, na zile kadi nne ziko ndani ya kibati cha peremende. Juzi nilimpigia nikamuuliza kitabu kimefika wapi. Akasema aliyekichukua kwanza ni mwalimu mwenzake wa zamani, mwalimu naye akampa shemeji yake, na mara ya mwisho kusikia kilikuwa Pangani.